Mabomba Yapimwe Kabla ya Kufukiwa

Yeyote anunuaye au apangaye nyumba katika majengo haya yanayoinuka kila uchao kuanzia Laiser Hill hata Kitengela, na kwa barabara ya Namanga mpaka Kajiado mjini, aghalabu hufungua mfereji kuona kama maji yanatoka, akawasha taa, akatazama vigae na rangi, akaridhika. Lakini ni nadra kumsikia akimwuliza mwenye nyumba swali ambalo kwa rai yangu lingetangulia yote hayo, nalo ni hili: je, mabomba ya maji machafu, pamoja na yale ya kutolea hewa, yalipimwa kabla hayajafukiwa ardhini na kufunikwa kwa plasta?

Nayataja ya hewa kwa makusudi. Bomba la maji safi likivuja, ukuta hulowa na mita hukimbia. La maji machafu likivuja, haukawii muda doa likaonekana katika dari ya jirani wa chini. Bali bomba la hewa, lile lipandalo mpaka juu ya paa, halipitishi maji, na kwa hiyo ufa wake hauna doa wala tone la kuufichua, isipokuwa harufu ya yai viza ambayo wenyeji huizoea hata pua zao zisiitambue tena.

Na kazi ya bomba hilo ni adhimu. Maji ya choo cha ghorofa ya tatu yashukapo kwa kishindo huvuta hewa nyuma yake, na yasipoipata kutoka juu ya paa huitafuta popote ilipo, yakanyonya yale maji machache yaliyotuama ndani ya trapu, yaani kile kiwiko kilicho chini ya sinki la jirani, ambayo kina chake aghalabu hakizidi milimita 50 au 75, nayo ndiyo mlango pekee uliopo baina ya jikoni na tangi la uchafu. Sinki likikoroma kila jirani wa juu anapomwaga maji ya choo, yafaa bomba la hewa litazamwe siku ile ile. Wako wajenzi ambao, kwa kubania kipande cha bomba kisichozidi mita moja, hulikomesha ndani ya dari, chini ya mabati, na hewa chafu ya jengo zima ikawa haina pa kutokea ila vyumbani mwa watu. Hilo ni dhuluma, nami sioni jina jingine la kuliita.

Mwaka 2003, katika majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu 321 walipatwa na maradhi ya SARS, na wachunguzi waliokitafuta chanzo walitaja trapu za sakafuni zilizokauka, feni za bafuni zilizovuta hewa ya mabombani, na ufa katika bomba la hewa. Sisi ambao maji yetu huja kwa zamu au kwa boza, na bafu la wageni likakaa miezi bila kutumika, tuna trapu kavu nyingi. Kwa hiyo anayesikia harufu na aanze kwa kumimina jagi la maji katika tundu la sakafuni, kisha ndipo afikirie kumwita fundi.

Kipimo chenyewe ni sahili. Mdomo wa chini wa bomba huzibwa pale kwenye menholi kwa plagi ya mpira, matawi yote ya choo, bafu na sinki yakafungwa, kisha maji humiminwa kutoka juu mpaka yasimame kimo cha mita 3, yakaachwa robo saa. Yakishuka, japo kwa upana wa kidole, pana mahali panapovuja, na fundi hupitia kila kiungo kwa tochi na mkono mkavu mpaka alione jasho. Wanaolalamika juu ya bei ya maji na wajue kwamba bomba kuu la milimita 110, kwa kimo hicho, halipokei hata lita 30.

Nyumba iliyokwisha kukamilika hupimwa kwa hewa. Trapu hujazwa maji, midomo ya mabomba ikazibwa, hewa ikapulizwa taratibu huku ikipimwa kwa mrija uliopindwa mfano wa herufi U, mpaka maji ya upande mmoja wa mrija yainuke milimita 38 kuliko ya upande wa pili. Nayo, kwa desturi iliyotokana na kanuni za Uingereza, hayana budi kusimama hivyo kwa dakika 3. Lakini hadhari! Mashine ya kujazia upepo magurudumu isikaribie kazi hii, maana bomba la plastiki lililoshindiliwa upepo hupasuka likarusha vipande kama vya chupa.

Katika nyumba kuukuu mafundi wa zamani walikuwa na hila nzuri: mmoja alipanda juu ya paa akamimina mafuta ya nanaa pamoja na maji ya moto ndani ya bomba, na mwingine akazunguka vyumbani akinusa, naye aliyemimina alikatazwa kabisa kuingia ndani, asije akayachukua manukato yale mwilini mwake akaharibu ushahidi.

Huku kwetu kipimo cha siku ya ujenzi hakitoshi. Udongo mweusi wa uwanda wa Athi hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi hata mtu akaweza kutumbukiza mkono, na bomba lililolazwa humo bila kitanda cha mchanga huinuliwa na kushushwa mpaka viungo vyake viachane, uchafu ukazama ardhini ilhali visima virefu vya maji ya kunywa havipo mbali. Ndiyo maana namsihi mwenye jengo, masika ya kwanza yakisha kupita, afungue menholi tena, aweke plagi ile ile, na amwite mpangaji wa chini aje kushuhudia kimo cha maji.