Ganzi ya Moyo Ina Dawa



Mwezi Januari 2025, makombora na risasi za mapigano ya Goma zilifika hadi Rubavu, zikaua na kujeruhi raia. Baada ya misiba ya namna hiyo, wapo wasiolia wala kucheka, wanaosema hawahisi kitu. Huo si ushujaa wala roho ngumu. Ni ganzi, kinga ambayo mwili hujiwekea hofu inapozidi.

Tunawashauri zoezi moja, hata mkiwa foleni. Simameni imara, nyayo ziikanyage ardhi, mpumue polepole. Tajeni kimoyomoyo vitu vitano mnavyoviona, vinne mnavyovigusa, sauti tatu, harufu mbili na ladha moja: uzito wa kikapu, upepo wa Ziwa Kivu, harufu ya ndizi mbivu. Msijilazimishe kulia. Hofu ikipanda, liacheni zoezi, mkae na mtu mnayemwamini.

Ganzi ikidumu kwa majuma, nendeni kituo cha afya. Pakiwa na hatari, pigeni 112.

Nasi tukimwona jirani amenyamaza kupita kiasi, tumsogelee, tumjulie hali.