Kusoma Picha ya Mji Uliopoteza Kazi



Leo tunazungumza juu ya picha. Mnakumbuka tulipoanza kisomo, tulitazama picha kwanza, ndipo tukasoma neno. Picha nayo husomwa. Tutasoma moja iliyopigwa Uingereza mwaka 1980.

Ilipigwa Elswick, mtaa wa mji wa Newcastle, kando ya mto Tyne. Tangu 1847 palikuwa na kiwanda kikubwa cha mitambo. Baadaye kikatengeneza mizinga, na hata meli za vita. Watu walikitegemea kwa chakula chao. Baba akifanya kazi pale, mwanawe naye alitazamia kuingia. Lakini ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, kazi zilikuwa zimepungua sana. Vijana wakamaliza shule, wakakaa tu. Januari 1982 wasio na kazi Uingereza nzima walipita milioni 3. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini haituonyeshi uso wa mtu hata mmoja.

Nyuso hizo alituonyesha Tish Murtha. Huyu mama alizaliwa 1956, akakulia hapo hapo Elswick katika nyumba ya watoto 10. Alikwenda Newport, Wales, kusomea upigaji picha, kisha akarudi kwao. Alitembea mitaani na kamera yake, akawapiga picha ndugu zake, marafiki na majirani. Hapa ndipo penye jambo, jamani. Mgeni akija na kamera, watu hujipanga na kunyoosha shati, au hukasirika. Na wana haki! Nani anapenda shida yake ichukuliwe na mtu asiyemjua? Murtha alikuwa mtu wa nyumbani, basi watu waliendelea na mambo yao.

Haya, tazameni. Nyumba ni gofu. Mtoto yuko hewani, ameruka kutoka dirisha la juu. Chini yamepangwa magodoro makuukuu, ndiyo yatakayompokea. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Mmoja wetu atasema, watoto wanacheza, wamefurahi. Ni kweli. Mwingine atauliza, je, wenye nyumba wamekwenda wapi? Naye ameona. Sisi tunadhani huzuni ya mtaa ule imo katika nyumba, wala si katika mtoto.

Picha zake za vijana wasio na kazi zilionyeshwa Newcastle mwaka 1981. Maelezo yake aliyaandika mwenyewe, tena kwa ukali. Alifariki 2013, kabla picha hizo hazijawa kitabu. Kitabu kilitoka 2017, na aliyekishughulikia ni binti yake.

Sasa tunaipitisha picha. Ishikeni pembeni, vidole visiguse katikati. Kila mmoja aseme anaona nini kabla ya kumpa jirani yake. Na wale waliokaa nyuma wasisahauliwe.