Damu Hudokeza, Kinyama Huthibitisha

Msikilizaji, saratani ya mapafu si ya aina moja, na kila aina ina tiba yake. Ile ya seli ndogo husambaa haraka mno. Hapo ndipo viashiria vya saratani kwenye damu vinaposaidia kudokeza aina: ProGRP na NSE zikipanda sana, daktari hushuku seli ndogo; CYFRA 21-1 ikipanda, hushuku zaidi aina nyingine.

Lakini tahadhari. Figo zikidhoofika, ProGRP hupanda bila saratani. Chembe nyekundu za damu zikipasuka ndani ya kichupa cha sampuli, NSE nayo hupanda. Kwa hiyo kipimo cha damu kisichukue nafasi ya kinyama kinachotolewa kwenye uvimbe na kuchunguzwa kwa hadubini. Na kwa kuwa dalili za saratani ya mapafu hufanana na za kifua kikuu, anayemeza dawa za kifua kikuu bila kupata nafuu apimwe upya, bila kucheleweshwa.