Fidia ya Ugonjwa wa Asbesto na Kodi ya Mapato: Ya Kusoma Kabla ya Kutia Sahihi

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wazungumzao Kiswahili nchini Marekani



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya fedha ambazo hakuna atamaniye kuzipata. Ni fidia alipwayo mtu aliyeugua kwa sababu ya kuvuta vumbi la asbesto, au walipwayo mjane na watoto baada ya yeye kufariki. Swali tuulizwalo kila mara ni moja: je, serikali itazitoza fedha hizi kodi?

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi. Kwa miongo mingi ilifungwa kwenye mabomba ya mvuke, ikatiwa katika dari, sakafu, breki za magari na vyumba vya injini za meli. Nyuzi zake zikishaingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa huweza kujificha miaka 20, hata 50, kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana wadai wengi leo ni wazee waliostaafu zamani, na wake zao waliokuwa wakikung'uta na kufua nguo za kazi. Wengi wenu mliomo humu ukumbini mnafanya kazi ya kuwatunza wazee wa namna hiyo majumbani na katika nyumba za wazee, na tunajua kwamba barua ya wakili ikifika, ninyi ndio mwulizwao, “Hii inasema nini?” Wengine barua hizo zinawahusu wenyewe.

Jibu la swali letu limo katika kifungu cha 104 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Marekani. Kifungu hicho chasema kwamba fidia ilipwayo kwa sababu ya jeraha la mwili au ugonjwa wa mwili haihesabiwi kuwa mapato, iwe imelipwa kwa hukumu ya mahakama au kwa makubaliano, kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo. Neno “mwili” liliongezwa na Bunge mwaka 1996, na tangu hapo limekuwa ndiyo mlango wenyewe. Mesotelioma, asbestosi, saratani ya mapafu: haya ni magonjwa ya mwili pasipo ubishi. Mgonjwa alipwaye kwa ajili ya magonjwa hayo hatozwi kodi ya mapato na serikali kuu kwa fidia hiyo, hata ikiwa ni kubwa kiasi gani.

Wengi hushangaa wasikiapo kwamba hata sehemu iliyolipwa badala ya mishahara aliyoikosa mgonjwa haitozwi, ilhali mishahara yenyewe ingetozwa kama angeipata kazini. Sababu ni kwamba sheria haiulizi fedha zimechukua nafasi ya nini. Yauliza zimelipwa kwa sababu ya nini. Mshahara ulipotea kwa sababu ya ugonjwa, basi unaufuata ugonjwa. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu, na kwa hofu na huzuni zilizozaliwa na ugonjwa huo. Mke au mume alipwaye kwa kupotewa na huduma na faraja ya mwenzake, na familia ilipwayo kwa kifo, wanaingia katika kivuli hichohicho, maadamu chanzo cha dai ni ugonjwa wa mwili. Lakini mtu alipwaye kwa wasiwasi peke yake, bila ugonjwa wowote wa mwili nyuma yake, hutozwa, isipokuwa kiasi alichotumia kwa matibabu ya wasiwasi huo ambacho hakuwahi kukikata kwenye kodi.

Mpaka hapa habari ni njema, na watu wengi huishia hapa. Huko ndiko matatizo yanakoanzia, kwa maana hundi moja yaweza kuwa na fedha za aina tatu au nne ndani yake.

Aina ya kwanza ni fidia ya adhabu. Mahakama huitoa ili kumwadhibu kiwanda au mwajiri aliyejua hatari akanyamaza. Haimlipi mgonjwa kwa kuugua kwake, na kwa hiyo hutozwa kodi, hata katika kesi ya saratani. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua jambo hili mwaka 1996. Upo mwanya mwembamba kwa vifo katika majimbo ambayo sheria yake hairuhusu fidia nyingine isipokuwa hiyo ya adhabu, ila hauwahusu wengi. Aina ya pili ni riba, yaani nyongeza itolewayo kwa kuchelewa kulipa. Riba ni mapato, nayo hutozwa.

Tutazame sasa ada ya wakili, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane amepewa na mahakama dola 500,000 kwa ugonjwa na kifo cha mumewe, na dola 100,000 za adhabu. Wakili anachukua asilimia 40. Katika zile 100,000, wakili amechukua 40,000, mjane akabaki na 60,000. Je, atozwe kodi kwa kiasi gani? Akili yetu yasema 60,000. Sheria yasema 100,000. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2005 kwamba, pale fidia inapokuwa mapato, sehemu ya wakili nayo ni mapato ya mteja kwanza. Na tangu mwaka 2018 mteja katika kesi za namna hii hana ruhusa ya kukata ada hiyo katika kodi yake. Analipia kodi fedha ambazo hakuzishika mkononi. Sisi twaona ni kanuni nzito kwa mjane, lakini ndiyo iliyopo, na ni heri aijue kabla ya kugawa fedha kwa watoto. Kwa zile 500,000 hakuna taabu: si mapato, kwa hiyo ada yake haiongezi kodi wala haipunguzi.

Aina ya nyingine ni marejesho ya gharama za matibabu. Ikiwa mgonjwa, katika miaka iliyopita, aliorodhesha gharama za hospitali kwenye ritani yake zikampunguzia kodi, kisha fidia ikamrudishia gharama hizohizo, hawezi kufaidi mara mbili. Tuseme mapato yake yalikuwa dola 60,000 na matibabu dola 18,000. Sheria huruhusu kukata kile tu kinachozidi asilimia 7.5 ya mapato, yaani alikata 13,500. Makato yake mengine yalikuwa 9,000, jumla 22,500. Kama asingeorodhesha, angepewa makato ya kawaida, tuseme 15,000. Faida halisi aliyoipata kwa kuorodhesha ni 7,500, na hicho ndicho kiasi atakachokitangaza kuwa mapato, wala si 13,500. Aliyechukua makato ya kawaida miaka yote, kama wafanyavyo wengi, hana la kutangaza hapa.

Mtauliza, nani aamuaye kwamba dola hii ni ya ugonjwa na ile ni ya adhabu? Kwanza ni maandishi ya makubaliano yenyewe. Kwa kawaida Mamlaka ya Mapato, IRS, huheshimu mgawanyo ulioandikwa ikiwa pande mbili zilivutana kwa dhati na mgawanyo unalingana na ukweli wa dai. Karatasi ikinyamaza, maofisa watachungulia hati ya madai na nia ya mlipaji. Kwa sababu hiyo twawasihi: kabla ya kutia sahihi, mwombeni wakili awaoneshe mahali palipoandikwa fedha hizi ni za nini. Maneno “kwa sababu ya ugonjwa wa mwili” yawemo. Kama hakuna adhabu wala riba, hilo nalo liandikwe. Baada ya sahihi kukauka, ni vigumu kurekebisha. Na kama mnataka fedha zilipwe kila mwezi kwa miaka mingi, wakati wa kuliweka jambo hilo ni huohuo. Malipo ya namna hiyo yakipangwa ndani ya makubaliano, hata nyongeza iliyomo ndani yake haitozwi. Bali ukipokea mkupuo kisha ukauweka benki, riba ya benki itatozwa kila mwaka.

Wengi hawalipwi na kampuni moja kwa moja. Kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa kubwa katika biashara ya asbesto, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1982, na mwaka 1988 ukaanza mfuko wa amana wa kuwalipa wagonjwa. Mwaka 1994 Bunge likaiweka njia hiyo katika sheria ya mufilisi, na mifuko mingine mingi ikafuata. Kila mfuko hulipa sehemu tu ya thamani ya dai, ili zibaki za kuwalipa watakaougua kesho. Malipo hayo hufuata kanuni ileile ya ugonjwa wa mwili, na kwa kawaida hayana adhabu ndani yake. Mgonjwa mmoja aweza kupokea barua za mifuko kadhaa kwa miaka tofauti. Kila barua na itunzwe.

Mwezi wa Januari au Februari huenda ikaja Fomu 1099. Isiwatie hofu, wala isitupwe. Nakala yake imekwenda IRS. Kama inaonesha fedha zisizotozwa, mtayarishaji wa ritani atoe maelezo na kuhifadhi makubaliano kama ushahidi. Kama sehemu itozwayo ni kubwa, huenda ikabidi kulipa kodi ya makadirio ndani ya mwaka huohuo, bila kungoja Aprili, ili kuepuka faini. Kodi za majimbo hazifanani. Ulizeni katika jimbo lenu.

Jambo moja si la kodi, lakini limewaumiza watu hata hatukuona vema kuliacha. Fedha kutotozwa kodi si sawa na fedha kutohesabiwa. Mzee apokeaye SSI haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, na hundi ya fidia yaweza kuukata msaada huo na Medicaid iliyofungamana nao. Medicare nayo ina haki ya kudai irudishiwe ilichomlipia mgonjwa kwa ugonjwa huohuo. Mambo haya yana njia zake za kisheria, ila nyingi zafaa kuandaliwa kabla hundi haijaingia benki.

IRS inacho kijitabu kifupi juu ya fidia na kodi, namba 4345; mwombeni mtayarishaji wenu akisome pamoja nanyi. Na yeyote mwenye kipato kidogo ambaye ameandikiwa na IRS juu ya fidia yake, aende kwenye kliniki ya walipakodi wenye kipato cha chini. Kliniki hizo si ofisi za IRS. Huwatetea walipakodi bure au kwa ada ndogo, na sehemu ya kazi yake ni kuwaeleza haki zao wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwende na makubaliano, hati ya madai, fomu zote za 1099, na ritani za miaka ile mliyolipia matibabu.