Saa Zisizo Kwenye Ratiba: Kazi ya Mwalimu Nje ya Darasa



Machi 24, 2019, mjini Dubai, Bruda Peter Tabichi alitangazwa mshindi wa tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora. Alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, hapa hapa Njoro kwetu. Majina yaliyopendekezwa yalifika 10,000 kutoka nchi 179, na zawadi ilikuwa dola milioni moja. Mengi yaliyosimuliwa siku zile mnayajua: alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wasiojiweza, shule ilikuwa na kompyuta moja tu, kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58, na karibu thuluthi moja ya watoto walikuwa yatima au walilelewa na mzazi mmoja.

Katika habari ile kuna jambo lililotajwa kwa sentensi moja kisha likapitwa. Tabichi hakufanya kazi peke yake. Yeye na walimu wenzake wanne waliwachukua wanafunzi waliokuwa wamebaki nyuma katika hesabu na sayansi, wakawafundisha mmoja mmoja baada ya vipindi na siku za wikendi. Siku hizo hizo yeye aliingia majumbani, akaketi na wazazi, akauliza kinachomzuia mtoto. Walimu wale wanne hawakupanda jukwaani Dubai. Ni juu yao, na juu ya maelfu ya walimu kama wao, ninataka kusema leo.

Hoja yangu ni hii: kazi ile ya Jumamosi ni kazi ya ualimu. Si sadaka. Inahitaji saa zilizotengwa, nauli iliyo kwenye bajeti, na mtu aliyeajiriwa kwa muda wa kutosha kumjua mtoto. Tunapomsimulia Tabichi kama mtakatifu tu, tunajiondolea deni. Yeye ni mtawa wa Kifransisko. Aliapa kuishi bila mali na hana mke wala watoto wa kulisha. Mwalimu mwenye watoto watatu na mkopo wa benki hawezi kugawa asilimia 80 ya mshahara wake, na hatupaswi kumtarajia afanye hivyo. Tunachoweza kumtaka ni muda, na muda huo mwajiri wake ndiye anayepaswa kuulipia.

Tuangalie mahali tulipo. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai mtoto aliyetembea kilomita kadhaa huingia darasani vidole vimekufa ganzi, na kipindi cha kwanza hupita kabla hajaweza kushika kalamu vizuri. Mashamba makubwa ni ya ngano na shayiri. Madogo ni ya viazi, karoti, kabeji na njegere. Familia nyingi huishi kwa kibarua, na kibarua hulipwa kwa siku. Viazi vikikomaa na bei ikiwa nzuri, kila mkono unatafutwa. Wazee mliopo mnakumbuka enzi za pareto, ambapo karo za watoto wengi wa nyanda hizi zilitoka kwenye maua yale, na malipo yalipoanza kuchelewa, watoto nao wakaanza kuchelewa kurudi shuleni.

Sasa chukueni rejista ya mahudhurio. Mtoto hakuja Jumanne, hakuja Jumatano. Rejista inaonyesha alama mbili, basi. Huenda yuko shambani anachimba viazi. Huenda mama amepata kibarua na hakuna wa kubaki na kitinda mimba. Huenda ni msichana ambaye mwezi umemkuta hana sodo, au ambaye nyumbani mazungumzo ya ndoa yameanza. Huenda ni mgonjwa tu. Kila hali inahitaji hatua tofauti, na baadhi haziwezi kungoja mwisho wa muhula. Hakuna mtihani unaoweza kumwambia mwalimu ni ipi kati ya hizo. Hujua kwa kwenda, au kwa kumuuliza mtu anayekwenda.

Tabichi na wenzake walikwenda, na matokeo yaliyotangazwa wakati wa tuzo yalikuwa haya: idadi ya wanafunzi wa Keriko iliongezeka maradufu ndani ya miaka mitatu, ikafika 400. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo; mwaka uliofuata wakawa 26. Nawaomba mwangalie maneno "miaka mitatu" katika hesabu hiyo, nitayarudia.

Sheria nazo ziliongeza haja ya muda huo wa kumjua mtoto. Mwaka 2001 serikali ilifuta kanuni zilizomruhusu mwalimu kuchapa. Katiba ya 2010 ikakataza adhabu za kikatili, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kikaharamisha adhabu ya kimwili na mateso ya akili shuleni. Naunga mkono kila neno la sheria hizo, na yeyote anayetamani kiboko kirudi anatamani kuona woga ukiitwa nidhamu. Lakini tuseme ukweli kuhusu kilichofuata. Kuchapa kulichukua dakika mbili. Kumsikiliza kijana wa miaka 15 mpaka aseme kwa nini analala darasani huchukua saa nzima, na pengine saa nyingine wiki ijayo. Kazi hiyo ilikabidhiwa idara ya ushauri nasaha, na katika shule nyingi idara hiyo ni mwalimu mmoja mwenye vipindi vyake vyote vya Kiswahili au bayolojia, asiye na chumba cha faragha, anayezungumza na mtoto aliyebakwa kwenye kona ya ofisi ya walimu huku wengine wakisahihisha madaftari. Tulibadilisha sheria bila kubadilisha ratiba. Fomu ya tathmini ya mwalimu, iliyoanza kutumika nchini kote mwaka 2016, inataja ulinzi na nidhamu ya mwanafunzi, na ni vyema inataja; kutaja hakumpi mwalimu hata dakika moja zaidi.

Narudi kwenye ile miaka mitatu, kwa sababu hapa ndipo suala la ajira ya mwalimu linapokutana na suala la mtoto. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, sehemu kubwa ya walimu waliotumwa huko walikuwa wanagenzi wa mkataba wa mwaka mmoja, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamefuzu, wamesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na walifundisha vipindi sawa na wenzao walioajiriwa. Aprili 2024 mahakama ya masuala ya kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikwenda kinyume cha Katiba. Mgomo ukafuata muhula wa pili. Na Januari 2025 wanagenzi 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Mjadala wa wakati ule ulihusu mshahara, na mshahara ulistahili kujadiliwa. Mimi ningeongeza hasara ambayo haikuandikwa kwenye mabango. Mwalimu asiyejua kama mwakani atakuwepo hapangi kumfuatilia mtoto kwa miaka mitatu. Anapanga chumba, chakula, na maombi ya kazi kwingine. Mtoto naye hujifunza haraka kutomweleza siri mtu atakayeondoka.

Mfano wa kinyume tunao humu humu Bonde la Ufa. Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha jiografia katika Shule ya St Patrick's, Iten. Alikusudia kukaa miezi mitatu. Alikaa miongo. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Aliwatazama vijana wakikimbia, mwaka baada ya mwaka, mpaka akajua nani anaumizwa na mazoezi na nani anaumizwa na mambo ya nyumbani. Peter Rono, aliyepitia shule ile, alishinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, ambaye O'Connell alimfundisha mbio, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012. Medali zinavutia macho. Mimi nauangalia muda uliozitangulia.

Kuna swali gumu ambalo sitaliruka: je, mwalimu anayekaa lazima awe mwenyeji? Mwaka 2018 walimu wakuu wengi walihamishwa kutoka maeneo ya kwao, na baadaye sera hiyo ikalegezwa baada ya malalamiko ya miaka kadhaa. Waliolalamika walikuwa na haki kuhusu familia zilizotenganishwa. Hata hivyo, katika eneo ambako damu ilimwagika katika mapigano ya kikabila mwaka 1992, tena baada ya uchaguzi wa 1997, tena mwanzoni mwa 2008, siwezi kusema kwamba mwalimu mwenyeji ndiye bora daima. Wapo wazazi hapa wanaomfungulia mlango mgeni kwa urahisi zaidi kuliko jirani waliyekosana naye. Keriko ilikuwa na watoto wa makabila saba, na Tabichi, mtoto wa Gusii, alianzisha chama cha amani ambamo walijadiliana, wakapanda miti na kucheza pamoja. Nadhani kinachohitajika ni kwamba mwalimu, atoke popote, akae. Akae mpaka ajue njia ya kila nyumba.

Mtaniuliza kama kuna nchi iliyowahi kuziweka ziara za nyumbani kwenye ratiba. Ipo. Nchini Japani, kwa miongo mingi, walimu wa shule za msingi walitembelea nyumba ya kila mtoto wa darasa lao mapema katika mwaka wa masomo, Aprili au Mei. Vipindi vya mchana vilifupishwa kwa siku chache ili mwalimu apate kutoka. Ziara ilikuwa fupi, na ilihusu watoto wote, kwa hiyo hakuna familia iliyoona aibu kwamba mwalimu ameonekana mlangoni kwake. Siku hizi desturi hiyo imepungua, hasa mijini, lakini ilidumu muda mrefu wa kutosha kuonyesha kwamba inawezekana. Kwamba ziara ilihusu watoto wote ndilo jambo muhimu kwetu. Hapa mwalimu akionekana akishuka kwenye bodaboda nyumbani kwa mtu, majirani huanza kuuliza mtoto amefanya kosa gani.

Na wakati wa kuanza ni sasa. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia gredi ya 10, baada ya kila mtoto kuchagua mkondo: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi huo utaamua chuo na kazi. Mtoto wa profesa Nakuru mjini ana watu wa kumshauri mezani. Mtoto wa kibarua wa Sururu au Likia ana mwalimu wake, na mwalimu huyo akimfahamu kwa alama zake za mtihani pekee, ushauri utakuwa wa kubahatisha.

Vijana mnaokwenda kusomea ualimu, sitawadanganya kwamba kazi hii italipa kama udaktari. Nitawaambia kwamba mtakuwa na nguvu ambayo kazi chache zinayo: kumkuta binadamu kabla hajaamua yeye ni nani. Mkiwa vyuoni mtafundishwa maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, na myashike yote. Kisha waulizeni wakufunzi wenu kwa nini muhula wa mazoezi ya kufundisha hupimwa hasa kwa vipindi vya darasani. Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na hakuna aliyefikiri mwanafunzi wa kilimo angeweza kufuzu bila kukanyaga shamba. Mwanafunzi wa ualimu naye akanyage ua wa nyumba anakotoka mtoto anayemfundisha.

Wajumbe wa bodi za shule, ombi langu la mwisho ni kwenu, kwa sababu mnaweza kulitekeleza bila kungoja Nairobi. Katika mkutano wenu ujao, kabla hamjapitisha bajeti, tengeni alasiri mbili mwanzoni mwa kila muhula ambazo walimu watatembelea nyumba, madarasa yote, watoto wote kwa zamu. Wekeni fungu la nauli ya bodaboda, na lisiandikwe chini ya "mengineyo". Mpunguzieni vipindi mwalimu wa ushauri nasaha na mumpe chumba chenye mlango unaofungwa. Na kila Ijumaa mwalimu mkuu apokee majina ya watoto waliokosa siku mbili mfululizo, pamoja na jina la mtu aliyekwenda kuuliza.