Siku 90 za Mgeni: Soma Muhuri Wako

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Masumbwe)

 

Leo tutazungumza habari ya safari. Masumbwe yetu iko njiani. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapa usiku na mchana. Vijana wetu wa machimbo nao wamezoea kuhama. Leo yuko hapa, kesho yuko Geita, keshokutwa amesikia dhahabu imetoka kwingine, huyoo amekwenda. Wengine husema, "Mimi nakwenda Sauzi." Maana yake Afrika Kusini. Kusafiri si kosa. Kosa ni kuingia kwa watu bila kujua masharti ya mlango wao.

Mlango wenyewe ukoje? Mtanzania mwenye pasipoti halali haombi viza ya kwenda kutembea Afrika Kusini. Anaruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 katika mwaka. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanasikia "bila viza", wanadhani ni "bila masharti". Sivyo. Mgeni anakaribishwa kutembea na kuona ndugu. Kazi ya mshahara haimo. Anayetaka kazi lazima apate kibali cha kazi, nacho huombwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Ukifika mpakani, ofisa wa uhamiaji anagonga muhuri katika pasipoti yako. Usiifunge pasipoti ukaitia mfukoni! Simama pembeni, usome. Tafuta tarehe ya mwisho wa kukaa. Ofisa anaweza kukupa siku chache kuliko 90. Inayofuatwa ni tarehe iliyoandikwa hapo, si ile uliyoambiwa na dereva wa basi.

Tena angalieni hesabu. Siku 90 si miezi mitatu. Haya, tuhesabu pamoja. Mtu ameingia tarehe 10 Julai. Tuhesabu na siku hiyo ya kuingia, ili tusikosee. Julai amekaa siku 22. Agosti siku 31, jumla 53. Septemba siku 30, jumla 83. Zimebaki siku 7. Basi siku yake ya mwisho ni tarehe 7 Oktoba. Aliyehesabu miezi mitatu atafunga mizigo tarehe 10 Oktoba. Kumbe amekwisha zidisha siku tatu!

Akizidisha, itakuwaje? Tangu Mei 2014, kanuni za huko zinasema hivi:

Aliyezidisha siku zisizozidi 30, anafungiwa mlango miezi 12.

Akirudia kosa hilo ndani ya miezi 24, anafungiwa miaka 2.

Aliyezidisha zaidi ya siku 30, anafungiwa miaka 5.

Anapotoka, mpakani hupewa karatasi ya kumwambia kwamba hatakiwi kurudi. Na akikamatwa kabla hajatoka, anaweza kushtakiwa, au kuwekwa Lindela, kituo cha kuwazuia wahamiaji karibu na Krugersdorp, hadi arudishwe kwao.

Tusione ajabu. Hata sisi tuna mipaka yetu. Mnakumbuka mwaka 2013. Mwezi wa Julai Rais Kikwete aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke. Mwezi wa Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na hapa Geita. Waliondolewa hata watu waliokaa miaka mingi, wenye mashamba, ng'ombe na watoto. Kumbe kukaa siku nyingi hakumpi mtu haki ya kukaa. Karatasi ndiyo inayosema.

Lakini ndugu zangu, hasara kubwa haimo katika kanuni. Imo katika maisha. Aliyezidisha siku huishi kwa kujificha. Tajiri akimnyima mshahara, anaogopa kwenda polisi kushtaki. Akiugua, anaogopa kwenda hospitali. Halafu siku moja simu inatoka huku: baba amefariki. Afanye nini? Akija kuzika, mlango nyuma yake unafungwa miaka 5, na riziki yake iko huko. Asipokuja, baba anazikwa na mwanawe hayupo. Mtu huyo hayumo gerezani, lakini amefungwa. Na kilichomfunga ni tarehe moja ambayo hakuisoma.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya safari, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Geita, uulize masharti ya nchi unayokwenda. Masharti hubadilika. Usiulize kijiweni.

Pili, andika tarehe yako ya mwisho katika daftari, na nakala uiache nyumbani. Mama au mke anayejua kusoma atakukumbusha.

Tatu, usingoje siku ya mwisho. Basi huharibika njiani. Ondoka wiki moja kabla.

Nne, ikiwa umechelewa kwa sababu ya kweli, kama kulazwa hospitali, tunza barua ya daktari. Ukipewa ile karatasi mpakani, una siku 10 za kazi kuandika rufaa kwa Idara ya Mambo ya Ndani ya Afrika Kusini. Usiitupe karatasi hiyo kwa hasira.

Tano, usimpe pasipoti mtu anayesema atakuongezea siku kwa muhuri wa kununua. Muhuri wa bandia ni kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza.

Ndugu wanakisomo, hatukujifunza kusoma ili tusome ubaoni tu. Tumejifunza ili karatasi isitushinde.

ZOEZI: Mtu ameingia Afrika Kusini tarehe 1 Machi, akapewa siku 90. Siku yake ya mwisho ni ipi? Hesabuni nyumbani pamoja na vijana wenu. Atakayejibu tarehe 1 Juni, ahesabu tena.