Sheria za Redio na Intaneti: Mfanya Kazi Adai Nini?

(Haya ni maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Yamechapwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu na hawakuweza kuhudhuria.)



Mmeniomba niseme juu ya jambo ambalo limeleta ubishi mwingi Bungeni na mahakamani, nalo ni hili: je, Serikali ina haki ya kuitawala redio, televisheni na intaneti, na kama inayo, mpaka wake ni wapi? Wako ndugu walioniambia kwamba jambo hili si letu, ni la watangazaji na wanasiasa, na kwamba sisi tushughulike na mishahara na saa za kazi. Mimi nasema ni letu, na leo nitaeleza sababu, kisha niseme tudai nini.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwezi wa Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma, wafanya kazi hawakuwa na redio yao. Redio ilikuwa upande wa wakubwa. Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka Oktoba 1961. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Basi mtu akisema kwamba kunyamazisha sauti si habari ya vyama vya wafanya kazi, huyo hajui historia ya vyama vyetu.

Tulipopata Uhuru, redio haikuja mikononi mwa wananchi moja kwa moja. Mwaka 1964 ilitwaliwa na Serikali ikaitwa Sauti ya Kenya, chini ya Wizara. Televisheni ya kwanza isiyo ya Serikali, KTN, ilianza mwaka 1990, na redio ya kwanza ya FM ya watu binafsi, Capital FM, ilianza mwaka 1996. Kwa miaka hiyo yote mfanya kazi aliyegoma alisikia habari za mgomo wake kama vile Wizara ilivyopenda zisemwe.

Sasa, ndugu zangu, tusiwe watu wa kusema upande mmoja tu. Je, sheria hazitakiwi kabisa? Zatakiwa. Mawimbi ya hewa hayatoshi kwa kila mtu kujitwalia, na vituo viwili vikishika wimbi moja hapana atakayesikia neno. Tena maneno yaweza kuua. Mwaka 1994 kule Rwanda redio ya RTLM iliwachochea watu wawaue jirani zao, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wenye redio ile. Hapa kwetu, Tume ya Jaji Waki iliyochunguza fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ililaumu vituo vya redio vilivyotangaza maneno ya chuki kwa lugha za makabila. Katika fujo zile wafanya kazi wenzetu walifukuzwa kwenye mashamba ya chai na maua kwa sababu ya kabila zao tu. Na siku hizi mnajua wenyewe habari za matapeli wa intaneti, watangazao kazi za Ughaibuni ambazo hazipo, wakala ada ya mtu maskini wakatoweka.

Basi ubishi wa kweli si kama sheria iwepo au isiwepo. Ubishi ni nani atakayeshika swichi, na ataizima kwa ruhusa ya nani.

Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kujibu swali hilo. Kifungu cha 34 chasema kwamba Serikali haitaingilia kazi ya mtangazaji wala mchapishaji, na kwamba leseni ni kwa ajili ya kupanga mawimbi tu, nazo zitolewe kwa njia isiyotawaliwa na Serikali, wala na wanasiasa, wala na wafanya biashara. Hayo ni maneno mazuri. Lakini tutazame yaliyotendeka.

Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake pale Uhuru Park, Serikali ilizima Citizen, Inooro, KTN na NTV. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe, lakini zilikaa gizani siku kadhaa tena. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliandika barua kuviamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na NTV, KTN na K24 zikakatwa. Haikupita hata siku mbili, Mahakama Kuu ikaisimamisha amri ile.

Angalieni basi jinsi mambo yalivyokwenda mara zote mbili. Kituo kinazimwa kwanza, na sheria inatafutwa baadaye. Ni sawa na tajiri anayemfukuza mtu asubuhi, halafu jioni anatafuta kosa la kuandika kwenye barua. Sisi katika chama hatukubali mtu afukuzwe bila kusikilizwa. Kwa nini tukubali kituo kizimwe bila kusikilizwa?

Tena kuna mshahara ndani yake. Kituo kikizimwa, matangazo ya biashara hayalipwi, na wa kwanza kuumia ni mpiga picha, fundi wa mitambo, dereva na mfagiaji. Na swichi si ya mnara peke yake, iko na swichi ya fedha. Mwezi wa Machi 2024 Wizara ilitoa barua kwamba matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Kituo kinachojua kwamba kikimuudhi mkubwa kitakosa matangazo, hicho hakihitaji kuzimwa, kwa maana kitajizima chenyewe.

Nije sasa kwenye intaneti. Kwa wengi wetu hiyo ni kazi yenyewe. Mwendesha boda hupata abiria kwa simu, mama wa mitumba huuza kwa WhatsApp, kibarua huitwa kazini kwa ujumbe. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidhoofika nchi nzima, na kampuni za simu zikasema nyaya za baharini zimeharibika. Mwendesha boda aliyekosa abiria siku ile hakulipwa na mtu yeyote, wala na kampuni, wala na Serikali. Na majirani zetu yamewapata makubwa kuliko hayo. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025.

Halafu kuna sheria za jela. Zamani watu walikamatwa kwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Mawasiliano, kilichosema juu ya kutumia simu vibaya. Mwezi wa Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kwa kuwa maneno yake hayakueleza wazi kosa ni lipi. Haikupita miaka mingi, Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018. Sheria hiyo, kama ilivyopitishwa, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyetangaza habari za uongo, na kifungo cha hadi miaka 10 ikiwa habari hizo zaweza kuleta hofu au fujo. Hebu tupige hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi atalipa milioni 5 kwa miezi 250, yaani miaka 20 na miezi 10, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Sheria ya namna hiyo haimtishi mwenye gazeti kama inavyomtisha mtu mdogo. Ni nani kati yenu atakayeandika kwamba kiwandani kwake watu wameungua kwa dawa, ikiwa tajiri aweza kusema hiyo ni habari ya uongo?

Mwezi wa Oktoba 2025 sheria hiyo ilitengenezwa upya. Kamati ya Serikali ikapewa uwezo wa kuamuru ukurasa au programu ya intaneti ifungwe, ikithibitika kwamba inaeneza ugaidi, uchafu juu ya watoto, dini za kupotosha, au mambo yasiyo halali. Tarehe 22 Oktoba Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu nyingine ya sheria hiyo, ile ya adhabu kwa maneno ya kuudhi watu. Kuwalinda watoto na kuzuia ugaidi, hapana mtu atakayepinga. Lakini sikilizeni maneno yale ya mwisho, mambo yasiyo halali. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka notisi ya siku 7 kabla ya mgomo, na mnajua jinsi matajiri wanavyokimbilia mahakamani kusema mgomo si halali. Siku hiyo ukurasa wetu wa kuwaita wanachama utakuwa ni jambo halali au si halali? Na atakayeamua ni kamati, si hakimu.

Wako wanaosema, Serikali ikimngojea hakimu, moto utakuwa umekwisha kuwaka. Hoja hiyo ina uzito, na yaliyotokea Rwanda yanatuonya. Lakini ikiwa mahakama yaweza kuketi upesi kuisimamisha amri, yaweza vile vile kuketi upesi kuitoa, hata usiku. Anayekataa kwenda kwa hakimu mara nyingi ni kwa sababu anajua atakavyojibiwa. Na wanasiasa wakiwa nje ya Serikali huulilia uhuru wa redio, wakiingia ndani huushika mkasi wenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Kwa hivyo tusimtegemee mtu, tutegemee sheria iliyo wazi.

Tusizisahau pia kampuni kubwa za ng'ambo, ambazo nazo zina swichi yao. Maneno na picha zao huchujwa na wafanya kazi, wengine wao hapa hapa Nairobi, wanaotazama mauaji na unyama kutwa nzima kwa mshahara mdogo. Siku ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 kati yao walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu. Sheria inayomtazama mwandishi mdogo na kuiacha kampuni hiyo bila kuiuliza habari za kazi, ni sheria nusu.

Basi naleta mbele ya mkutano huu madai matano.

Kwanza, kituo chochote au intaneti isizimwe ila kwa amri ya hakimu, iliyoandikwa sababu, mahali na muda wake.

Pili, Mamlaka ya Mawasiliano iwe huru kweli kama Katiba isemavyo, na wajumbe wa wafanya kazi wakae katika baraza lake.

Tatu, makosa yatajwe kwa majina yake: kuchochea mauaji, utapeli, kuwadhuru watoto. Neno "uongo" peke yake lisimpeleke mtu jela.

Nne, ikithibitika kwamba kituo au intaneti ilizimwa kinyume cha sheria, waliopoteza riziki walipwe.

Tano, kampuni za utangazaji na za intaneti zifungwe na sheria za kazi kama tajiri mwingine yeyote.

Kila ndugu ayachukue madai haya kazini kwake, ayasome pamoja na wenzake, na majibu yao yaletwe ofisini kabla ya mkutano ujao, ili yapelekwe kwa wabunge wetu kwa maandishi. Na karatasi hii tutaendelea kuichapa. Simu ni nzuri na redio ni nzuri, lakini siku zitakapozimwa, mwanachama atajua habari za chama kwa karatasi iliyo mkononi mwake na kwa mdomo wa mwenzake, kama walivyojua wale wa mwaka 1950.

Umoja ni nguvu.